Bia ya nyumbani bila kupoza: yanayosemwa Goma na ukweli wake

Ukianza kupika bia nyumbani utaambiwa kwamba maji ya kimea yakitoka motoni lazima yapozwe haraka kwa maji baridi, la sivyo yanaharibika. Lakini kupoza lita 20 kwa bomba hula maji maradufu ya hayo au zaidi, na kwa anayenunua maji kwa bidoni (dumu la plastiki) kule mtaa wa Majengo huo ni mzigo usiobebeka.

Ukweli ni kwamba kinachoharibu ni vijidudu vinavyoingia, si kupoa polepole. Yakimiminwa kwenye bidoni yakiwa bado juu ya nyuzi 80, joto lenyewe linaisafisha. Mimi huijaza hadi shingoni, naibana mbavu hewa itoke, nakaza kifuniko, kisha nailaza ubavu kwa robo saa ili kifuniko nacho kipate moto. Asubuhi naikuta imebonyea, mbavu zimevutwa ndani. Hapo najua hewa ya nje haikupenya. Waustralia wengi hupika hivi, nao pia kwa kuokoa maji. Chagua bidoni ngumu yenye pembetatu na namba 2 chini yake. Iliyowahi kubeba petroli usiiguse, hata ikioshwa mara kumi.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni hii: "Ikishafungwa, inakaa hata mwezi." Hapana, wandugu! Hapa kwetu juu maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, na hata zingefika 100, mbegu za bakteria wa botulizimu, sumu inayoweza kuua, hazifi. Ndani ya bidoni hakuna hewa, jambo wanalolipenda, na pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) ya maji ya kimea ni kama 5.2, wakati bakteria hao huzuiwa ikiwa chini ya 4.6. Chachu ndiyo inayoishusha pH na kuleta pombe. Iingie kesho yake.

Usiku huo wa kungoja ndio wa kuiamsha chachu. Wapo wanaoamini lazima ununue unga wa kimea kutoka nje. Si lazima. Chota lita moja na nusu kutoka sufuria ileile ikiwa bado inachemka, funika, weka chombo ndani ya beseni la maji baridi. Ukishika ubavu wake usisikie tena moto, tia chachu, funika kwa karatasi ya aluminiamu bila kukaza, kwa sababu gesi ikikosa njia chombo hupasuka. Kila ukipita, kitikise. Asubuhi kuna povu jeupe juu na harufu ya mkate. Tikisa na bidoni pia kabla ya kumimina chachu hiyo ndani yake: kuchemsha kumefukuza oksijeni, na chachu inaihitaji ili iongezeke. Kama umepanga bia kali, punguza ukali wa maji hayo ya kuamshia kwa maji yaliyochemshwa.

Chachu kavu ya pakiti mpya haihitaji haya yote. Ya zamani, au iliyovunwa kwenye mashapo ya bia iliyopita, ndiyo inayohitaji.

Hopsi nazo, yale maua ya kutia bia uchungu: katika bidoni ya moto huendelea kutoa uchungu, kwa hiyo zile za mwisho nazichelewesha kama dakika 20.

Na mapovu yakikoma, usiseme imeiva. Pima kwa densimita (kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki) leo, pima tena baada ya siku mbili. Namba ikishuka hata kidogo, chupa zingoje.