Kichupa kimoja, watu watano: kwa nini zahanati inakuambia usubiri

Lalamiko nililolisikia zaidi wakati wa kampeni ya chanjo ya UVIKO-19 halikuhusu sindano, lilihusu benchi. Mtu kafika zahanati saa mbili na nusu asubuhi, muuguzi yupo, jokofu lipo, halafu anaambiwa: "Subiri kidogo, wakifika wenzako wanne tutafungua." Anaona kadharauliwa. Sababu imo ndani ya kichupa.

Janssen, chanjo iliyozindua kampeni hiyo Dar es Salaam tarehe 28 Julai 2021, ilikuja dozi tano katika kichupa kimoja, kila dozi mililita 0.5. Haikuwa na kihifadhi cha kuzuia vijidudu visizaliane. Sindano ya kwanza ikitoboa kizibo, unahesabu saa sita, tena kichupa kikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ndiyo maana muuguzi anayeijua kazi huandika muda juu ya lebo. Kikifunguliwa saa nne na dakika kumi asubuhi, mwisho wake ni saa kumi na dakika kumi jioni, hata kama zimebaki dozi tatu. Na zahanati ikifunga saa tisa na nusu, basi mwisho ni saa tisa na nusu. Hakilazwi jokofuni kungoja kesho. Kina mama waliozoea kliniki huuliza mbona kichupa cha pepopunda kikishafunguliwa hurudishwa na kutumika hadi siku 28. Kile kina kihifadhi. Surua haina, nayo ikishachanganywa ni saa sita hizo hizo.

Hata hivyo, mzee wa miaka sabini aliyekuja kwa miguu kutoka kitongoji cha mbali, mimi nasema afunguliwe hata akiwa peke yake. Dozi nne kumwagwa ni hasara, lakini ukimrudisha huyo usitegemee kumwona tena. Dawa ya tatizo ni kupanga: uchanjaji uwekwe siku ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe na orodha ya namba za watu wa karibu wa kupigiwa kichupa kikishafunguliwa.

Pfizer ya kifuniko cha zambarau, chanjo nyingine ya UVIKO-19, ilikuwa na mtego wake. Kichupa kilikuwa na mililita 0.45 tu, unaongeza mililita 1.8 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, unakigeuza taratibu mara kumi. Usikitikise. Kabla ya kuchomoa sindano, vuta hewa mililita 1.8 irudi kwenye bomba la sindano, la sivyo msukumo wa ndani utaitoa dawa nje. Dozi ni mililita 0.3, na zinatoka sita ukiwa na mabomba yasiyobakiza dawa shingoni. Kwa bomba la kawaida ya sita huwa haitimii, na hapo ndipo mtu anashawishika kuchanganya mabaki ya vichupa viwili apate moja. Hairuhusiwi: uchafu ukiwa kwenye kimoja umeuhamishia kingine. Kosa baya zaidi ni kusahau kuchanganya kabisa. Mchanjwaji wa kwanza anapata dozi tano kwa mkupuo.

Timu ikitoka kwenda mnadani au msikitini, hofu ya wengi ni joto. Barafu nayo huharibu. Pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza ikiingizwa moja kwa moja kwenye kasha la kubebea chanjo, inagandisha vichupa vinavyoigusa, na chanjo kama Sinopharm, yenye chumvi ya aluminiamu, ikiganda imekwisha kazi. Iache pakiti nje, kisha itikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, iko tayari.

Mkono: vaa nguo ambayo mkono wake unapanda hadi begani. Sindano inaingia wima, vidole viwili hadi vitatu chini ya mfupa wa bega. Ikichomwa juu mno inagusa kiungo, na maumivu yanaweza kudumu miezi. Kaa chini, usichanjwe ukiwa umesimama.

Kisha dakika 15 za kungoja, au 30 kama umewahi kupata mzio mkali. Wengi wanaoanguka hapo wamezimia kwa woga tu: ngozi baridi, jasho, mapigo ya moyo polepole, na wakilazwa miguu juu wanazinduka mara moja. Mzio mkali ni tofauti. Mapigo yanakwenda mbio na ni dhaifu, midomo inavimba, vipele vinatoka, pumzi inakoroma. Hapo ni adrenalini, dawa ya dharura, ya nguvu ya 1:1000, mililita 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, papo hapo. Ampuli iwe mezani, si kabatini ambako funguo yuko nayo mganga mfawidhi aliyekwenda semina.

Homa na mkono kuuma siku moja hadi tatu ni kawaida, parasetamoli inatosha. Kwa Janssen, kichwa kikali kisichoisha, mguu kuvimba au kubanwa pumzi ndani ya wiki tatu, rudi siku hiyo hiyo, maana nadra sana damu huweza kuganda.

Mtandao ukiwa chini, taarifa zako zinaandikwa daftarini na kuingizwa kwenye mfumo baadaye. Tarakimu moja ya simu ikikosewa, ujumbe wa cheti unakwenda kwa mtu mwingine. Kabla hujanyanyuka, mwombe karani akusomee namba aliyoandika, pamoja na namba ya toleo la chanjo iliyo kwenye kadi yako.