Kilo 20.7 za samaki kwa kila mtu: dhana potofu kuhusu takwimu za ulaji

Mwaka 1961 kila mtu duniani alikadiriwa kula kilo 9.1 za samaki na viumbe wengine wa majini kwa mwaka, na kufikia 2022 kiasi hicho kilikuwa takriban kilo 20.7. Namba hizi hutolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, nazo hunukuliwa katika mipango ya lishe, katika sera za uvuvi na katika hotuba za viongozi. Shida ni kwamba wengi huzisoma kana kwamba mtu alikaa jikoni na mizani akipima kila kipande kabla hakijaingia chunguni. Kusoma huko vibaya kuna madhara, hasa kwa watu ambao mboga yao ya kila siku ni samaki wadogo.

Dhana: Takwimu ya ulaji inaeleza samaki walioliwa.

Ukweli ni kwamba hakuna sahani iliyopimwa. Wahesabuji huchukua samaki wote waliovuliwa na waliofugwa nchini, wakajumlisha walioingizwa kutoka nje, wakatoa waliosafirishwa kwenda nje na waliokwenda kwenye matumizi yasiyo chakula cha binadamu, kama vile unga wa kulishia kuku na mafuta, wakarekebisha akiba iliyopo maghalani, kisha kilichobaki wakakigawanya kwa idadi ya watu. Kwa hiyo kinachoitwa ulaji ni salio la hesabu ya kutoa, yaani samaki waliopatikana kwa ajili ya kuliwa. Dagaa waliooza mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa sababu mvua ilinyesha siku tatu mfululizo na chanja za kuwaanikia hazikukauka, wakishaandikwa kuwa wamevuliwa, huhesabiwa kuwa wameliwa, isipokuwa kama kuna mtu aliyekumbuka kuwaondoa.

Salio lina udhaifu wake: kosa lolote lililofanyika njiani huishia kwake. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Tani 60,000 zikisahaulika mahali popote katika hesabu hiyo, wastani wa kila Mtanzania unabadilika kwa karibu kilo nzima, ingawa hakuna hata mmoja aliyebadilisha anachokula.

Dhana: Kilo ya samaki ni kilo tu, popote inapopimwa.

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. FAO huhesabu kwa uzito wa samaki mzima kama alivyotoka majini, pamoja na kichwa, miiba, magamba na matumbo. Mamlaka ya uvuvi ya Marekani, kwa upande wake, huripoti uzito wa nyama inayolika. Ndiyo maana taarifa ya nchi hiyo kwa mwaka 2018 ilitaja ratili 16.1 kwa mtu, ambazo ni kama kilo 7.3, ilhali hesabu ya FAO humpa Mmarekani zaidi ya kilo 20. Namba zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Anayekosea ni yule anayeziweka kwenye jedwali moja na kudai kwamba ulaji umeshuka au umepanda.

Mfano ulio karibu nasi ni sangara wa Ziwa Victoria. Kiwandani huchunwa minofu ambayo ni kama theluthi tu ya samaki mzima, na minofu hiyo hugandishwa au kuwekwa kwenye barafu na kupelekwa Ulaya na kwingineko. Kinachobaki ni kichwa na mgongo wenye nyama kidogo iliyoshikilia mifupa, yaani mapanki, kama yanavyoitwa Mwanza. Wakenya huyaita mgongo wazi. Mapanki hukaangwa, huchemshwa mchuzi, huuzwa kwa mafungu, na kwa kaya nyingi ndiyo sangara pekee anayefika mezani. Sasa tazama kinachotokea kwenye daftari. Ili minofu ilinganishwe na samaki waliovuliwa, uzito wake hurudishwa kuwa uzito wa samaki mzima, kisha samaki huyo mzima huondolewa kama aliyesafirishwa nje. Kwenye hesabu ameondoka pamoja na mifupa yake, ilhali mifupa hiyo imebaki Mwanza na imeliwa. Naona hili ni jambo zito, kwa sababu linafuta chakula cha watu wasio na uwezo wa kununua minofu.

Dagaa nao wana shida iliyo kinyume. Huliwa wazima, bila kutupwa chochote, na mifupa yao midogo humpa mtoto madini ambayo mnofu hauna kwa wingi huo. Hata hivyo, kwenye hesabu ya uzito, kilo moja ya dagaa wabichi ni sawa kabisa na kilo moja ya sangara ambaye sehemu yake kubwa haitafunwi.

Dhana: Wastani ukipanda, kila mtu anakula samaki zaidi.

Wastani wa Afrika ni karibu nusu ya ule wa dunia, na ndani ya nchi moja tofauti ni kubwa zaidi: mkazi wa kisiwa cha Ukerewe au Pemba hula samaki wengi kuliko mkazi wa Dodoma. Wapo pia wanaopunguza huku dunia ikiongeza. Wajapani, wanaodhaniwa kuwa walaji wasiobadilika, walifikia kilele cha kilo 40.2 za nyama inayolika kwa mtu mwaka 2001, na tangu 2011 wanakula nyama ya mifugo zaidi kuliko samaki.

Dhana: Ongezeko la uzalishaji wa majini ni ongezeko la chakula mezani.

Uzalishaji wa dunia wa 2022 ulikuwa tani milioni 223.2, lakini milioni 37.8 kati ya hizo zilikuwa mwani na jamii yake, ambao hauhesabiwi katika zile kilo 20.7. Akina mama wa Zanzibar wanaofunga mwani kwenye kamba wanalijua hili bila takwimu, kwa kuwa karibu mavuno yao yote hukaushwa na kuuzwa nje.

Dhana: Samaki wasiopita kwenye mizani ni wachache, hawabadilishi kitu.

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wanawake wa pwani huenda mwambani na fimbo, wakachokoa mashimo ya pweza na kuokota chaza na kombe. Sehemu ya walichopata huuzwa, nyingine huingia chunguni jioni hiyo hiyo bila kuandikwa popote. Kwenye madiko na mialo, waandikaji hawawezi kuwepo kila mahali kila siku, hivyo hupima sampuli na kukadiria zilizobaki. Magunia ya dagaa wakavu kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huvuka kwenda Kongo, Rwanda na Burundi, na yale yasiyoandikwa mpakani hubaki katika hesabu kuwa yameliwa na Watanzania, huku Mkongomani aliyeyala akionekana kana kwamba hakula.

Dhana: Kuwauliza watu wenyewe kunamaliza tatizo.

Kunasaidia, na binafsi ningependa kufanywe mara nyingi zaidi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya huandika kilichonunuliwa nyumbani, lakini dagaa hununuliwa kwa kopo, kisado au fungu, na Kenya omena, kama dagaa wanavyoitwa huko, hupimwa kwa kopo liitwalo gorogoro. Mhoji asiyejua kopo hilo lina gramu ngapi atakisia. Asipouliza pia kama dagaa walikuwa wabichi au wakavu, atakosea zaidi, kwa kuwa kilo moja ya wakavu imetokana na kilo kadhaa za wabichi. Tena kaya si mtu mmoja. Samaki mmoja aliyegawanywa kwa watu saba hagawanywi sawa, na kwa desturi ya nyumba nyingi kipande kikubwa humwendea baba. Ndiyo maana watafiti wa lishe humwuliza mama kile alichokula mtoto katika saa 24 zilizopita, wakimwonyesha vijiko na bakuli ili aelekeze kiasi, na kumwuliza waziwazi kama mtoto alikula dagaa wenyewe au alichovya ugali kwenye mchuzi wao tu.