“Different” na nini? Kihusishi kinachofuata kivumishi cha Kiingereza

Kwenye kikao kimoja juzi, msemaji alitamka “our plan is different with yours”. Mwenzake akamkata palepale: “Ni from, si with.” Sawa. Dakika chache baadaye mwingine akasema “different to”, na bingwa wetu akamrekebisha kwa sauti ileile. Nilitamani kunyoosha mkono, maana marekebisho hayo mawili hayana uzito mmoja hata kidogo.

Dhana yenyewe haihitaji maneno mengi. Vivumishi vingi vya Kiingereza vina kihusishi cha kuandamana nacho: “afraid of”, “good at”, “interested in”, “responsible for”. Kivumishi ndicho kinachochagua. Ukibadilisha kihusishi, ama sentensi inachechemea ama maana inahama. “Tired from work” ni mtu aliyechoka kwa kazi. Akilala ataamka mzima. “Tired of work” ni aliyechoshwa nayo, na huyo usingizi haumsaidii. (Sisi tofauti hiyo tunaibebesha kitenzi: choka, choshwa.) Niliwahi kuandika ya pili nikikusudia ya kwanza, katika barua ya kuomba siku mbili za mapumziko. Mkuu wangu aliniita kuniuliza kama nataka kuacha kazi.

Kinachotuponza ni “na”. Neno hili dogo tumelitwika mengi: linaunganisha (baba na mama), linaonyesha kuwa pamoja (alikuja na mwanawe), linamtaja mtenda katika kauli ya kutendwa (ameumwa na nyoka), kisha linafuata “tofauti” bila kulalamika. Anayefikiri kwa Kiswahili akifika kwenye “tofauti na” huchukua “na” ya pamoja, na hapo ndipo “with” inapozaliwa. Akifika kwenye “ameolewa na Juma” ana njia mbili za kupotea. “Married with Juma” si Kiingereza cha kawaida. “Married by Juma” ni Kiingereza safi kabisa, ila Juma huyo si mume, ni aliyefungisha ndoa! Mume anatajwa kwa “to”: “married to Juma”. Halafu kuna “married with two children”, nayo haina kosa, kwa kuwa hao watoto anao tu, hakuoana nao.

Sasa hilo la “different”. Wanaoshikilia “from” peke yake huja na hoja ya asili ya neno: limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini “differre”, yaani “dis-”, kando, na “ferre”, kubeba. Kilichobebwa kando kimetolewa mahali, kwa hiyo “from”. Hoja tamu, na kwa “interested” inasaidia kweli kukumbuka: “interesse” ni kuwa kati ya mambo, hivyo “in”. Tatizo ni pale asili inapogeuzwa sheria. “Averse” (asiyependa jambo) inatokana na kugeuka na kukipa kitu kisogo, kwa hiyo kwa mantiki hiyohiyo ingetakiwa “averse from”. Mwandishi Mwingereza Samuel Johnson aliona hivyo katika kamusi yake ya Kiingereza ya 1755: “from” ndiyo inayofaa, “to” inatumika mara nyingi lakini isivyofaa. Waandishi hawakumsikiliza. Leo “averse to” ndiyo ya kawaida, na “averse from” ukiikuta utadhani ni kosa la uchapaji. Au tazama “dependent”, ambayo kiasili ni kuning’inia kutoka juu. Ungetegemea “from”, lakini imechukua “on”. Ukiitia kiambishi cha kukanusha ikawa “independent”, inaiacha “on” na kushika “of”. Kilatini hakikuulizwa.

“Different to” nayo si uzembe wa vijana wa leo. Imo katika maandishi tangu karne ya 16, na “different than” tangu karne ya 17. Ya kwanza utaisikia zaidi Uingereza, ya pili zaidi Marekani, na “from” inapokewa kote. Tena “than” ina kazi yake: “different than I expected” inakwenda moja kwa moja, wakati “from” mahali hapo inalazimika kuongezewa “what”.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kikaoni, yule wa kwanza ulimsaidia: “different with” ya kulinganisha vitu viwili ni “na” yetu iliyovishwa nguo za Kiingereza. Wa pili hakuwa na kosa. Ungemwambia tu kwamba wewe unapendelea “from”. Hata mimi naipendelea.