Si viroboto, na hawaumi

Wapanda milima ya Alps huona vitone vyeusi vikirukaruka juu ya barafu, wakadhani ni viroboto wanaotafuta damu. Sivyo. Ni kolembola, jamaa yenye miguu sita ambayo wanasayansi wengi hawaihesabu tena kuwa wadudu. Hawa wa barafuni huitwa Desoria saltans; jina la kwanza linamuenzi Édouard Desor, mtafiti wa barafu wa karne ya 19. Wana urefu wa milimita 2 hivi.

Kiroboto huruka kwa miguu ya nyuma. Kolembola ana kijiti chenye panda kilichokunjwa chini ya tumbo. Kikifyatuka kama mtego, humrusha juu. Hana mdomo wa kufyonza damu. Hula mwani, chavua na vumbi lenye mabaki ya viumbe linaloletwa na upepo.

Wengine husema anaganda usiku na kufufuka asubuhi. Hapana, haruhusu maji ya mwilini yagande: sukari maalumu huyazuia, hata chini ya nyuzi sifuri. Tishio lake ni joto, na barafu ya Alps inazidi kuyeyuka.