Dhahabu ya Karamoja: yanayosemwa kuhusu ndege na setilaiti, na ukweli wake

Kaa Moroto, mji wa Karamoja kaskazini-mashariki mwa Uganda, na madereva wa malori wanaopakia mawe ya chokaa ya kupeleka Tororo, na hutachelewa kusikia habari za "ile ndege" ya kupima madini. Ndege imeona dhahabu, setilaiti imeona maji, wageni wanajua kila kilicho chini ya ardhi yetu. Mengi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi.

"Setilaiti inaona dhahabu iliyo ardhini."

Haioni. Kamera yake hupokea mwanga wa jua uliogonga uso wa ardhi ukarudi juu. Kilichofunikwa na udongo au nyasi hakimo pichani. Inachoweza kuonyesha ni dalili: mawe yenye kutu ya chuma, mipasuko mirefu ya miamba, au udongo wa mfinyanzi uliotokana na miamba kubadilishwa na maji ya moto ya chini kwa chini. Udongo wa namna hiyo hufyonza mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kwa namna yake. Hapo mjiolojia anajua pa kuanzia na nyundo yake, basi. Karamoja ina nafuu kuliko kusini kwenye kijani cha mwaka mzima: kiangazi cha Januari na Februari huacha miamba wazi na mawingu machache.

"Ndege inayoruka chini inapiga ardhi kwa miale."

Hofu hii naielewa, kwani ndege inayopita juu ya boma lako bila mtu kukueleza lazima ikutie wasiwasi. Lakini vipimo viwili vikuu vya ndege hizo havirushi chochote. Kimoja hupima usumaku wa miamba, kingine hupokea miale ya gama ambayo mawe hutoa yenyewe, tangu kabla ya sisi kuzaliwa. Tena hiyo gama hutoka kwenye takribani nusu mita ya juu tu. Usumaku ndio unaosoma kina zaidi. Karibu asilimia 80 ya Uganda ilikuwa imeshapimwa hivyo huku Karamoja ikiachwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama, kwa hiyo ndege kuja baadaye haikuwa njama. Lilikuwa deni.

"Imethibitishwa: tuna tani 320,158 za dhahabu."

Hii ndiyo inayoniumiza kichwa. Juni 2022 msemaji wa wizara ya nishati na madini alisema utafutaji umeonyesha tani milioni 31 za mawe yenye dhahabu, nyingi zikiwa Karamoja, na kwamba zingetoa tani 320,158 za dhahabu safi. Habari ikazunguka dunia nzima. Sasa chukua kikokotoo. Gawanya, utapata zaidi ya kilo 10 za dhahabu katika kila tani ya mawe. Mgodi wenye gramu 5 kwa tani huhesabiwa kuwa mzuri! Na dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa na binadamu, tangu enzi za mafarao, inakadiriwa kuwa kiasi cha tani 200,000 na ushee. Isome namba ileile kama kilo badala ya tani, upate takribani gramu 10 kwa tani, na hesabu inaanza kuingia akilini. Kwa gramu 5, mawe yale yangetoa tani kama 155.

Hata hivyo, ndege haipimi tani. Kujua kiasi kunataka kuchoronga mashimo mengi, kutoa nguzo za mwamba na kuzipeleka maabara. Kabla ya hapo, namba yoyote ni makisio.

"Wakiona maji kwa setilaiti, shida imekwisha."

Tuwaulize jirani zetu wa Turkana, Kenya. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba rada za setilaiti na vipimo vingine vimegundua hifadhi kubwa ya maji chini ya bonde la Lotikipi. Maji yalikuwepo. Walipochimba na kuyapima, yakaonekana yana chumvi kupita kiasi cha kunywa. Setilaiti haionji.

"Wanatutazama moja kwa moja, hata ng'ombe walioibwa wanawaona."

Katika picha za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, kila nukta ni mita 10 kwa 10 za ardhi, na picha mpya huja kila baada ya siku tano, mawingu yakiruhusu. Ng'ombe mmoja hupotea ndani ya nukta moja. Zipo setilaiti za kulipia zinazoona vizuri zaidi, lakini nazo hupita na kwenda zao. Hazigandi juu ya Kotido zikisubiri wezi. Malisho yenyewe ndiyo yanaonekana vizuri: ukijani wa nyasi umetumika Karamoja kuamua lini kazi za msaada ziongezwe ukame unapoingia.

"Ni mambo ya serikali na matajiri."

Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zilizoanza 1972, ni bure tangu 2008. Programu ya QGIS, ya kuchora na kusoma ramani, ni bure pia. Kijana mwenye kompyuta na bando anaweza kuanza leo. Data za ndege ndizo zenye mlolongo: ziko Entebbe, kwenye kurugenzi ya jiolojia na migodi, na kutoka Kaabong hiyo ni safari ya kuvuka nchi.