Dume la mbegu na ukoo wa mama yake

Dhana ya kwamba thamani ya farasi dume wa mbegu hutoka kwa baba yake imedumu miaka mingi. Si kweli. Nusu ya jeni zake ametoa mama, na kromosomu yake ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, ni ya mama peke yake. Hiyo ndiyo humpa kila binti atakayemzaa.

Mtazame Urban Sea, jike aliyeshinda mbio za farasi za Prix de l'Arc de Triomphe nchini Ufaransa mwaka 1993. Alimzaa Galileo kwa Sadler's Wells, kisha Sea the Stars kwa Cape Cross. Baba tofauti, mama mmoja, na wote wawili walishinda Derby ya Epsom, mbio za farasi za Uingereza, mwaka 2001 na 2009, kisha wakawa madume hodari wa mbegu. Kwangu mimi, hapo mama hapuuziki hata kidogo.

Ila wapo wanaovuka mpaka upande wa pili, wakidhani dume hurithisha kila kitu cha ukoo huo. Mitokondria, vinavyozalisha nishati ndani ya seli, mtoto huvipata kwa mama yake tu. Vya Urban Sea alivyopewa Galileo viliishia kwake mwenyewe. Watoto wake walichukua vya mama zao.