Sisimizi farao nyumbani na wodini: maswali na majibu

Nitamtambuaje?

Ni mdogo sana, milimita 1.5 hadi 2, wa rangi ya manjano inayoelekea kahawia, na ncha ya tumbo lake imekoza. Hutembea polepole kwa msururu mwembamba, mara nyingi ukifuata waya wa umeme, bomba la maji au pembe ya ukuta. Jina lake la kitaalamu ni *Monomorium pharaonis*. Biashara na mizigo imemsambaza karibu dunia nzima, hata nchi za baridi, ambako huishi ndani ya majengo yenye joto.

Ukiona mdogo kama huyo lakini kichwa cheusi, tumbo na miguu vyeupe, mwenye mbio za kuyumbayumba, huyo ni mwingine, *Tapinoma melanocephalum*. Chambo cha sukari kinachoelezwa hapa chini kinamfaa na yeye.

Hang'ati. Kwa nini awe suala la afya?

Kwa sababu ya njia anazopita. Anafuata maji, sukari, mafuta na protini popote vilipo: kwenye bomba la maji machafu, pipa la taka, choo, bandeji yenye usaha, kisha chuchu ya chupa ya mtoto. Vijidudu hubaki miguuni na mwilini. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi kutoka hospitali za Uingereza ambako sisimizi hawa walikutwa wamebeba bakteria wa magonjwa, wakiwemo Salmonella, Staphylococcus na Pseudomonas.

Wadogo kiasi hicho, hupenya pakiti ambazo mende hawezi kuziingia. Wodini huingia kwenye vifaa vilivyofungwa kwa ajili ya upasuaji, kwenye mpira wa dripu na chini ya bandeji. Wa kuangaliwa zaidi ni mtoto mchanga ambaye kitovu hakijakauka, mtu mwenye kidonda cha kisukari au cha moto, na mgonjwa asiyeweza kujigeuza.

Nikiwakuta kwenye kidonda au kitovu cha mtoto?

Nawa mikono kwa sabuni. Kidonda kisafishe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kikaushe, weka bandeji mpya. Ile ya zamani itupe nje ya nyumba. Usipake dawa ya wadudu wala mafuta ya taa. Kitovu kifute kwa pamba safi iliyochovywa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ukiache kikauke. Ngozi inayokizunguka ikiwa nyekundu, kukiwa na usaha au harufu, au mtoto akiwa na homa au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nimepuliza dawa wiki iliyopita. Mbona sasa wako vyumba vitatu badala ya kimoja?

Ni dawa yenyewe iliyowasambaza. Kundi la sisimizi farao lina malkia wengi, na hupandana humo humo ndani bila kuruka nje. Wanaoonekana juu ya meza ni sehemu ndogo tu. Wengine wako nyuma ya vigae, ndani ya soketi, kwenye joto la mota ya friji, hata katikati ya mashuka yaliyokunjwa. Dawa nyingi za kopo ni za jamii ya pairethroidi. Huua waliolowa na kuwafukuza waliobaki, nao wafanyakazi hubeba mayai na mabuu wakaanzisha makao mapya mahali pengine.

Chaki ya wadudu inayouzwa mitaani ina kasoro hiyo hiyo, na mara nyingi ina deltamethrin, ambayo nayo ni pairethroidi. Tunaipinga kwa sababu nyingine pia: inafanana kabisa na chaki ya shule, na watoto huishika.

Basi nitumie nini?

Chambo chenye sumu dhaifu. Mfanyakazi hunywa, huhifadhi tumboni, kisha hulisha wenzake, mabuu na malkia mdomo kwa mdomo. Sumu ikiwa kali, anafia njiani na malkia hapati kitu. Ndiyo maana anayeongeza "kidogo ili iue haraka" huharibu kazi yote.

Chukua nusu lita ya maji ya uvuguvugu, sukari gramu 50 (vijiko vinne vya chakula, vya kusawazisha) na asidi ya boriki (boric acid, unga mweupe) gramu 5 (kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha). Koroga hadi iyeyuke yote. Hiyo ni asilimia 1. Lowesha pamba, iweke kwenye kizibo cha soda, na weka vizibo kando ya msururu, si juu yake, kila mahali wanapopita. Badilisha kila baada ya siku mbili, maana pamba ikikauka hawaigusi.

Wakiacha sukari ghafla, usidhani wamekwisha. Hubadilisha chakula. Wape siagi ya karanga, vijiko vitano vya chakula vilivyochanganywa na robo kijiko cha chai cha asidi ya boriki, kwa vitone vidogo juu ya karatasi.

Kipindi hicho chote usipulize dawa, wala usifute msururu kwa Jik. Harufu waliyoacha ndiyo inayowaleta kwenye chambo. Siku za mwanzo watajazana, na hiyo ni dalili njema. Funika chakula, funga taka, kausha sinki usiku, ili chambo kisishindane na masalia ya wali.

Itachukua muda gani?

Wiki kadhaa, na jengo kubwa huchukua miezi. Toka yai hadi mkubwa ni takribani siku 38 kwenye joto la nyuzi 27, kwa hiyo yaliyokuwa mayai leo yatatembea mwezi ujao. Wakitoweka, endelea kutega karanga isiyo na sumu mara moja kwa wiki, kwa miezi miwili. Kwenye fleti, jirani wa juu, chini na pembeni wote watege katika wiki ile ile. La sivyo watarudi kwa mabomba.

Kitanda cha mtoto mchanga nikilinde vipi wakati nasubiri?

Kisogeze kisiguse ukuta, pazia wala chandarua kinachoburuta sakafuni. Kila mguu uweke ndani ya kopo lenye maji na matone ya sabuni. Bila sabuni, mdudu mwepesi hivi huelea akavuka. Mwaga na ujaze upya kila siku, mbu wasizaliane.

Mtoto amelamba chambo.

Mfute mdomo, mpe maji kidogo, usimtapishe. Mpeleke kituo cha afya pamoja na pakiti ya asidi ya boriki, na ueleze kiasi unachokadiria amekula. Akianza kutapika, kuharisha au kulegea, usisubiri asubuhi.